Kusoma Ngozi ya Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa wa wiki kumi akionekana na kipara cha ukubwa wa sarafu juu ya pua, kila aliye karibu hutaja ugonjwa palepale. Mashilingi hayo. Mwingine atasema choa, na bibi mwenye nyumba atasema ni yale yale mapunye ya wajukuu zake. Asiyetaja jina ni daktari wa mifugo. Huchuchumaa, humwacha mnyama anuse vidole vyake, kisha huuliza maswali ambayo kwa mwenye haraka hayahusu ngozi hata kidogo. Huyu analala wapi, bibi? Analala na nani? Ndugu zake wa tumbo moja walichukuliwa na nani, na wao wana vipara? Kuna panya kwenye kihenge? Nani hapa nyumbani anajikuna?

Nimewatazama madaktari na maofisa mifugo wa Dodoma wakiifanya kazi hii, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu kwa jambo moja: wanajizuia. Mashilingi ni ugonjwa wa fangasi unaolidanganya jicho mara mbili. Mwanzoni hufanana na magonjwa mengine kiasi cha mtu kuapa, na mwishoni huonekana umekwisha wakati bado upo. Ufundi wote wa kuutibu umo katika kulinyima jicho hukumu mpaka unyoya wenyewe utoe ushahidi.

Huku uwanda wa kati mbwa ana kazi. Mbuzi wanaolala zizini Bahi, Chamwino au Kongwa huamka salama kwa sababu kuna anayewabwekea fisi usiku, na mtoto wa mbwa wa leo ndiye mlinzi wa mwakani. Hata hivyo ni nadra mtu kumlipia daktari nauli kwa ajili ya mbwa peke yake. Daktari huja kwa ng'ombe anayeharisha au kwa chanjo ya mbuzi, na mbwa hutazamwa mwisho, mikono ikiwa imekwisha kunawa. Taaluma yenyewe hapa ilijengwa juu ya ng'ombe. Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na hadi leo mji ule una utafiti wa mifugo na kampasi ya LITA, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo. Kijana anayesomea huko hukutana kwanza na mashilingi ya ndama: magamba meupe, mazito, yaliyoganda kuzunguka macho na shingoni, kazi ya fangasi aitwaye Trichophyton verrucosum. Kwa ndama ugonjwa hujitangaza, na mfugaji huutambua akiwa mbali. Kijana huyo akija kwa mbwa hana budi kujifunza upya, maana kwa mbwa ugonjwa hujificha ndani ya sura za wenzake.

Fangasi wa mashilingi ya mbwa ni watatu hasa. Mkubwa wao ni Microsporum canis, ambaye hupitishwa na mbwa na zaidi paka. Wa pili, Nannizzia gypsea, makazi yake ni udongoni, naye humpata mnyama anayefukuafukua, kwa hiyo vipara vyake huanzia puani na kwenye miguu ya mbele. Wa tatu, Trichophyton mentagrophytes, hutoka kwa panya, na ndiyo sababu ya lile swali la kihenge. Hawali nyama iliyo hai. Chakula chao ni keratini, ile dutu ngumu inayojenga unyoya, ukucha na tabaka la juu kabisa la ngozi. Unyoya ulioliwa hudhoofika na kukatika karibu na ngozi ukabaki kisiki. Mwili hupambana nao pale walipoanzia, nao husogea nje kutafuta unyoya mpya. Katikati hupoa, ukingo huwaka. Duara hutokea hivyo.

Lakini duara peke yake halithibitishi kitu, na hapa ndipo kazi inapoanza kupendeza.

Mdanganyifu wa kwanza ni bakteria. Kipele cha usaha kikipasuka huacha alama ya mviringo yenye magamba yaliyoinuka ukingoni, na katikati wekundu au weusi. Kwa mbwa, duara lililokamilika kama la kuchorwa mara nyingi zaidi ni la bakteria kuliko la fangasi, jambo ambalo wafugaji wengi hawaliamini wakiambiwa. Daktari hutafuta vipele vichanga pembeni mwa duara, kwenye tumbo lisilo na manyoya, na akivipata huanza kutilia shaka mashilingi.

Wa pili ni utitiri wa Demodex, ambao mtoto wa mbwa huupata kwa mama yake katika siku za kwanza za kunyonya. Hukaa ndani ya vishimo vya manyoya. Kati ya miezi mitatu na sita kinga ya mnyama ikiwa bado changa, unaweza kuzidi na kumtoa vipara kuzunguka macho, pembeni mwa midomo na kwenye miguu ya mbele. Mahali ni pale pale pa mashilingi, umri ni ule ule, na wala mnyama hajikuni sana. Jicho peke yake halina njia ya kuwatenganisha hawa wawili. Kwa hiyo daktari huchukua wembe uliochovywa kwenye mafuta ya parafini, hubana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ili kuusukuma utitiri juu, kisha hukwangua taratibu kwa kufuata uelekeo wa manyoya mpaka chembe za damu zitokeze. Ni mkwaruzo mdogo, na ukifanywa na mkono uliotulia mnyama hulia mara moja tu, au asilie kabisa. Kinachopatikana hupakwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya hadubini. Utitiri huo ni mrefu, mwembamba, una miguu minane mifupi mbele, na aliyewahi kuuona hausahau.

Wa tatu ni upele wenyewe, utitiri wa Sarcoptes. Huyu kelele zake ni nyingi: mnyama hajilalii, anajikuna ukingo wa masikio na viwiko mpaka vinatoka damu, na watu wa nyumbani nao wanaota vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Kuna jaribio moja ambalo napenda sana kulitazama. Daktari hushika ncha ya sikio, huikunja na kuisugua polepole kwa kidole. Mbwa mwenye upele mara nyingi huanza kurusha mguu wa nyuma upande ule ule, akijikuna hewani bila hiari yake. Halihitaji umeme, halihitaji gharama, na linasaidia sana kwa sababu utitiri huu ni mgumu kuunasa kwa kukwangua. Ukikosekana kwenye kioo haimaanishi haupo, na daktari mzuri huwa tayari kutibu upele hata kama hajauona.

Wakisha kuwekwa kando hawa watatu, au mmoja wao akakutwa pamoja na fangasi, jambo ambalo nalo hutokea, ndipo zamu ya unyoya inafika. Daktari hachomoi manyoya yoyote tu. Hutafuta vile visiki vilivyokatika ukingoni mwa kipara, mahali ambapo ugonjwa unasonga, huvishika kwa kibano na kuvivuta kwa uelekeo vilivyoota, ili mzizi utoke mzima. Halafu hufanya jambo ambalo asiyejua huliona la kupoteza muda: huchomoa manyoya machache pia ubavuni, pasipo na ugonjwa. Yote huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi, ambayo hulainisha keratini na kuifanya ipitishe mwanga. Husubiri. Unyoya mzima huonekana laini, una ukingo ulionyooka na mstari mweusi wa katikati. Wenye fangasi umevimba, umefifia rangi, umechanikachanika, na ukitazamwa kwa lenzi kubwa umezungukwa na vijipunje vya mviringo vilivyobanana. Hizo ni spora. Tofauti hiyo haikai kichwani mwa mtu kwa kuisoma. Hukaa kwa kutazama manyoya mazima mengi sana, hata macho yakayazoea, ndipo unyoya mmoja mgonjwa unapojitenga wenyewe. Ndiyo maana wa ubavuni huchomolewa kila mara, hata na aliyefanya kazi miaka ishirini.

Kuna na taa. Mwaka 1903 mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood, alitengeneza kioo kinachozuia mwanga wa kawaida na kupitisha urujuanimno, na mwaka 1925 Wafaransa Margarot na Devèze wakaeleza kwamba nywele zenye fangasi hung'aa chini ya mwanga huo. Taa ya Wood inahitaji giza la kweli, na kwa hili tembe la Kigogo ni chumba bora kuliko ofisi nyingi za mjini: paa la udongo, kuta nene, madirisha madogo au hakuna kabisa. Mlango hufungwa, taa huwashwa na kuachwa dakika kadhaa ipate nguvu, na daktari huyapa macho yake nayo muda wa kulizoea giza. Kisha hupita juu ya mwili wa mnyama polepole, akianzia kichwani. Unyoya wenye Microsporum canis hung'aa kijani cha tufaha, na kinachong'aa ni shina la unyoya wenyewe. Magamba, vumbi, mabaki ya sabuni na mafuta ya kupaka navyo hung'aa, ila rangi yake huegemea samawati au weupe, na hapo ndipo wengi hukosea. Zile taa ndogo za kukagulia noti zinazouzwa madukani hutoa zambarau nyingi inayoonekana kwa macho, na zambarau hiyo huufunika ule ukijani hafifu. Tena wale fangasi wengine wawili, wa udongo na wa panya, hawang'ai kabisa. Taa ikionyesha, daktari anajua ni unyoya upi wa kuchomoa. Isipoonyesha, hajakanusha chochote.

Ushahidi wa mwisho huoteshwa. Mwaka 1963 Mackenzie wa Uingereza alieleza jinsi ya kuwatafuta fangasi kwenye vichwa vya watoto wa shule kwa kutumia brashi ya nywele, na kutokana na wazo hilo matabibu wa wanyama wamefikia kifaa rahisi kuliko vyote: mswaki mpya, ule wa dukani, ukiwa bado kwenye kifungashio chake. Mnyama huchanwa nao mwili mzima kwa dakika mbili au tatu, pasipo na vipara kwanza na penye vipara mwisho, halafu brashi hugusishwa taratibu kwenye sahani ya kuoteshea. Chakula kilichomo kwenye sahani nyingi kinatokana na kile alichokitengeneza Raymond Sabouraud, tabibu wa ngozi wa Paris aliyetumia maisha yake kwa magonjwa haya na mwaka 1910 akachapisha kitabu kikubwa juu yake. Sahani hukaa hadi wiki tatu, na hutazamwa kila siku. Aina moja hubadilika kutoka njano kwenda nyekundu fangasi wa mashilingi wanapoota, na mtu mvivu hutazama siku ya mwisho tu, akaona wekundu na kutangaza ugonjwa. Mwenye kuijua kazi anafahamu kwamba ukungu wa kawaida wa hewani nao huleta wekundu ukicheleweshwa. Anachotafuta ni wekundu unaokuja siku zile zile na uoto mweupe, wa pamba, wenye rangi ya manjano upande wa chini. Hata hapo haridhiki. Hubandika utepe wa gundi juu ya uoto, hutia rangi, na kutazama tena chini ya hadubini. Spora kubwa za Microsporum canis ni nene katikati na nyembamba kwenye ncha zote mbili, zina kuta nene na vyumba sita au zaidi ndani yake. Akiziona hizo, sasa anataja jina.

Kinachomshangaza mwenye mbwa ni kuambiwa kwamba mashilingi, kwa mnyama mwenye afya, mara nyingi huisha yenyewe baada ya miezi kadhaa. Kwa nini basi kuhangaika? Kwa sababu miezi yote hiyo anamwaga spora mahali ambapo watoto wanamkumbatia, na kwa sababu mtoto wa mbwa mwenye minyoo, anayeishi kwa ukoko wa ugali wa uwele, si mnyama mwenye afya. Dawa ya minyoo na chakula chenye protini huingia kwenye matibabu haya kabla ya kitu kingine.

Matibabu yana mikono miwili: wa nje unaoua spora kwenye manyoya, na wa ndani unaolinda unyoya unaoota. Kwa nje manyoya yanayozunguka vipara hupunguzwa kwa mkasi, bila kuikwaruza ngozi, maana kila mchubuko ni mlango. Kisha mnyama huogeshwa mara mbili kwa wiki. Mojawapo ya dawa za zamani na za kuaminika ni maji ya chokaa na salfa. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Bihawana wanaijua salfa kwa ubwiriunga wa mizabibu, nao ubwiriunga ni fangasi. Ile ya shambani lakini haijatengenezwa kwa ngozi ya mnyama na haifai kumwagiwa mbwa. Ya mifugo hupimwa na kuchanganywa kwa kipimo chake. Inanuka mayai viza, inaacha umanjano, na haisuuzwi: huachwa ikauke mwilini, mtu akimshika mbwa asijirambe. Pasipopatikana hiyo, shampuu ya mikonazoli pamoja na klorheksidini hufanya kazi hiyo. Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapokata asubuhi, muogo huu hufanywa saa saba mchana.

Kwa ndani, dawa ya kale ni griseofulvini. Ilipatikana London mwaka 1939 kutoka kwenye ukungu wa jamii ya Penicillium, ikakaa bila kazi hii mpaka mwaka 1958, J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba ikimezwa huponya mashilingi ya simbilisi. Huingia kwenye unyoya unaoumbwa, chini mzizini, na kupanda nao. Sehemu iliyokwisha ota na kuugua haiokolewi, inangoja kukatika. Kwa hiyo dozi ni ya wiki nyingi, kila siku, tena pamoja na mafuta, kwa kuwa bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri. Kijiko cha samli kinatosha. Jike mwenye mimba hapewi kamwe, kwa sababu hulemaza watoto tumboni. Itrakonazoli na terbinafini ndizo zinazopendelewa zaidi siku hizi mahali zinapopatikana. Yoyote itakayochaguliwa, mnyama hupimwa uzito kila anapoonwa, kwenye mizani ya kuning'iniza ikibidi, kwani mtoto wa mbwa huongezeka haraka na dozi ya mwezi uliopita haimtoshi.

Nisiyapite kimya yale yanayofanywa kabla daktari hajaitwa. Oili chafu ya gari hupakwa mbwa mchana kweupe, naye huiramba yote. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, kwa kipimo cha ng'ombe, humlegeza mtoto wa mbwa, hupunguza mapigo ya moyo wake na joto lake, na huweza kumuua. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi huondoa wekundu na muwasho kwa siku chache, fangasi wakienea chini kwa chini bila kelele, na daktari anayefika baadaye hakuti tena duara la kusoma. Hiyo ya mwisho huwaumiza mafundi hawa kuliko zote, nami nawaelewa: ni kufuta maandishi ambayo wangeyasoma.

Nyumba nayo hutibiwa. Spora zilizo kwenye manyoya yaliyodondoka huweza kuishi mwaka na zaidi. Gunia la kulalia huchomwa, sakafu hunyunyizwa maji kidogo kabla ya kufagiwa ili vumbi lisipae, na manyoya huokotwa. Jiki iliyopunguzwa kwa maji inafaa kwenye saruji iliyokwisha kusafishwa, lakini kwenye sakafu ya udongo hupoteza nguvu. Hapo hukwanguliwa tabaka la juu, na mbwa akahamishiwa kibanda cha nje penye jua. Wajukuu wenye madoa mwilini hupelekwa zahanati kupata dawa ya kupaka. Mapunye ya kichwani hayasikii dawa ya kupaka peke yake, yanataka vidonge. Na hapa daktari humtetea mgonjwa wake. Fangasi wengi wa vichwa vya watoto Afrika Mashariki, kama Trichophyton violaceum na Microsporum audouinii, hupita kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto, shuleni na kwa kinyozi, bila mbwa kuhusika. Bibi aliyeazimia kumtupa mnyama porini huombwa asubiri sahani iseme.

Kisha manyoya hurudi. Wiki ya tano au ya sita kipara kimefunikwa, mbwa anafukuza kuku, na familia haioni sababu ya kununua vidonge vingine. Huu ndio udanganyifu wa pili, na ndio uliowashinda wengi. Daktari huja na mswaki mpya. Husimamisha dawa baada ya sahani mbili, zilizochukuliwa kwa kupishana wiki moja au mbili, kukaa siku zake zote bila kuota kitu. Familia isiyomudu sahani haiachwi hivi hivi. Kwa Microsporum canis, unyoya wenyewe huonyesha ulipofika: taa ikiwashwa gizani, ukijani uliokuwa shina zima sasa umebaki nchani tu, na sehemu iliyoota tangu dawa ianze iko safi. Fundi hupima kwa jicho urefu huo uliosafika, huukata ule unaong'aa kwa mkasi, huuchoma, na kumwambia bibi aendelee na samli na vidonge mpaka atakaporudi na taa.